"Niandikie, afande": ilani yangu ya kuacha kutoa hela ya soda, na ilivyonishinda mara ya kwanza

Nimewahi kutoa elfu tano mara nne kwa sababu ya balbu ya elfu tatu. Piga hesabu mwenyewe. Taa ya nyuma ya kigari changu ilikuwa imekufa, kila nikisimamishwa nakunja noti naipachika kwenye leseni, afande anaangalia leseni, ananirudishia, "haya mama, kuwa makini", naondoka zangu na taa imekufa vilevile. Ile ya nne mwanangu alikuwa amekaa kiti cha mbele, wakati huo yuko darasa la nne, na kumbe alikuwa anaangalia kila kitu.

Wiki haijaisha naitwa shule. Mwalimu wake wa darasa anajizuia kucheka, ananiambia kijana kampa kiranja shilingi mia mbili asiandikwe kwenye orodha ya wapiga kelele. Jioni nikamkalisha chini nimuoneshe makosa yake, nimeshaandaa na hotuba kabisa, ndo akaniuliza, "Mama, si kama wewe na yule polisi?" Na hakuwa na jeuri yoyote, angekuwa na jeuri ningempiga kofi yakaisha, alikuwa anauliza kweli anataka kujua tofauti iko wapi. Nikaamka nikaenda jikoni nikajifanya naangalia maharage.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2022. Usiku ule nikachukua kaunta buku nikaanza kuandika, na nilichoandika nikakiita ILANI YANGU, herufi kubwa, nikapiga na mstari chini. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kujiandikia ilani yake, iwe ya rushwa, ya mazingira, ya kupinga kipigo kwa watoto, chochote, maana mi nimekosea sana na makosa mengine yamenigharimu hela na moja nusura linipeleke pabaya.

Kwanza mnijue. Nina steshenari hapa Moro, mji kasoro bahari. Natoa fotokopi, naprinti, nafanya laminesheni, picha za paspoti, na naandikia watu barua maana wengi wakikaa mbele ya kompyuta wanaogopa. Ipo hatua chache tu kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, mtaa siutaji. Kwa hiyo watu wote wenye shida za makaratasi wanapita kwangu kabla hawajaingia kule, na wanarudi kwangu wakitoka. Najua nani kazungushwa na nani kaombwa ngapi kuliko hata mwenyekiti.

Sasa ilani ya kwanza ilikuwa na vipengele 14. Kumi na vinne! Sitatoa rushwa. Nitakemea rushwa popote niionapo. Nitaelimisha jamii inayonizunguka. Nitakuwa mfano wa uadilifu. Nitakuwa mvumilivu. Na mengine ya namna hiyo, ukisoma unaona kabisa huyu anataka kugombea kitu. Asubuhi nikaichapa, nikaiprinti kwa rangi, nikailamineti nikaibandika ukutani nyuma ya mashine ya fotokopi. Baba watoto alipokuja kunichukua jioni akaisoma yote taratibu, akaniuliza, "Hapa namba tisa umeandika utakuwa mvumilivu. Wewe?" Akacheka mpaka akakaa.

Wateja nao walikuwa wanaisoma wakisubiri kopi zao. Wengine wanatingisha kichwa, wengine wananiuliza umeokoka lini. Mama mmoja muuza mchicha akaniambia, "Dada, wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na hawakuwa wajinga." Sikuwa na la kumjibu siku ile.

Aliyenijibu mimi ni Mwalimu, mzee mmoja mstaafu jirani yetu, alikuja kutoa kopi za vitambulisho. Nikamuamkia, akaitikia huku macho yako ukutani. Akasema, "Hii mbona ilishaandikwa zamani, binti yangu." Akaanza kunisomea kwa kichwa ahadi za TANU, chama tawala cha enzi za Nyerere, kama mtoto anasoma ngonjera, binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, cheo ni dhamana, nitasema kweli daima fitina kwangu mwiko. Akaniambia enzi hizo watu walikuwa wanasimama wanazitamka kwa sauti, na lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967 viongozi wakawekewa na miiko kabisa, usiwe na nyumba ya kupangisha, usipokee mishahara miwili, usiwe na hisa kwenye kampuni. Nikamuuliza ikawaje sasa. Akanyamaza kidogo akasema, "Tulizitamka vizuri sana." Miiko yenyewe ikaja kulegezwa kwenye kikao cha Zanzibar mwaka 1991, akasema, na wakati huo wengi walikuwa wameshajenga za kupangisha.

Alafu akanyoosha kidole kwenye ukuta wangu. "Ile ya kwetu ilisema rushwa ni adui wa haki, *sitapokea wala kutoa*. Kupokea kulikuwa kwa kwanza. Ya kwako ina kutoa tu." Nikamwambia Mwalimu, mimi nitapokea wapi, sina ofisi, nina mashine ya fotokopi. Akachukua kopi zake. Mlangoni akageuka akaniuliza kama kitabu changu cha risiti kiko safi. Nikacheka kidogo ile ya kuzuga, akaondoka.

Hilo nitalirudia, maana sikulifanyia kazi kwa miezi mingi.

Mtihani wa kwanza ulikuja haraka. Nimesimamishwa, taa ileile (ndio, nilishaandika ilani ya vipengele 14 na balbu sijabadili). Afande anaizunguka gari, anakuja dirishani, "Sasa mama, tunafanyaje?" Kila dereva anaijua hii lugha. Moyo unadunda nikamwambia, "Niandikie, afande." Akadhani sijamwelewa. Akarudia, tunafanyaje. Nikarudia, niandikie, kosa ni langu. Tukakaa pale kama dakika arobaini, akaanza kutafuta na makosa mengine, kizimamoto, pembetatu, mkanda, mi nimetulia nasema sawa. Mwisho akaniandikia, elfu 30, na kontroo namba ikaja, ile namba ya kulipia serikalini.

Nyumbani niliambiwa ni mjinga. Elfu 30 badala ya elfu 5! Na mimi nikajiona mjinga usiku kucha. Asubuhi nikaenda kununua balbu, elfu tatu, kijana wa spea akaifunga kwa dakika mbili bila hata kunidai ufundi. Ndo nikajua kwamba ile elfu tano ilikuwa inanunua ruhusa ya kuendelea kuwa na gari bovu, na mtu angeweza kunigonga kwa nyuma usiku nikiwa na mtoto. Kwa hiyo pointi yangu ya kwanza kabisa kwa anayetaka kuanza: kabla hujaapa hutatoa hongo, ondoa vile vinavyokufanya uombwe hongo. Bima iwe hai, leseni ya biashara iwe hai, taa ziwake. Nusu ya rushwa niliyokuwa natoa ilikuwa inafunika uzembe wangu, ukishauondoa unabakiwa na ile nyingine ambayo haina kosa lako, na hiyo ndo ngumu.

Hiyo nyingine nilikutana nayo kwenye kiwanja. Tuna kiwanja tulishapimiwa, tumelipa kila kitu, risiti zipo, imebaki hati. Ofisi yenyewe siitaji. Mwanzoni mwa 2023 naenda, naambiwa faili halionekani. Narudi, faili limeonekana ila mhusika yuko semina. Narudi, mhusika yupo ila mtandao uko chini. Kila safari kuna kijana mmoja kwenye korido ananiambia kwa upole, "Dada, hapa ungeongea na watu vizuri." Kuongea vizuri, laki moja na nusu. Nilikataa nikajiona shujaa, miezi mitatu baadaye shujaa kachoka. Nauli, kufunga duka, jua. Watu wanaosema kataa tu rushwa hawakuambii kukataa kuna bei yake na unailipa kidogo kidogo kila wiki.

Kilichonisaidia ni dada mmoja karani wa ofisi nyingine kabisa, alikuja kuprinti kwangu. Akaniambia kosa lako unaenda kwa mdomo. Kila unachokwenda kukiomba kiandike barua, nakala mbili, moja wanabaki nayo na moja inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe unaondoka nayo. Na uulize mkataba wa huduma kwa mteja, ofisi za umma zinao, umeandikwa huduma ipi inachukua siku ngapi, barua yako ya pili unaitaja hiyo ahadi yao wenyewe kwa adabu bila kumtuhumu mtu. Jamani mi naandikia watu barua kila siku, mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiandikia hata moja! Kuanzia hapo faili langu likaacha kupotea. Halikukimbia, ila halikupotea tena, maana karatasi yenye muhuri na tarehe mtu anaiogopa kuliko mama anayefoka koridoni. Na kufoka nilishafoka, niseme ukweli, safari ya nne, nikamwambia yule kijana maneno mbele za watu, na mwezi mzima uliofuata kila nikiingia wanajifanya hawanioni. Usifoke.

Sasa ya mama.

Machi 2023 mama yangu alizidiwa usiku. Hospitali siitaji na siwezi kusema wote pale ni wabaya, kuna nesi mmoja usiku ule alifanya kazi mpaka namuonea huruma. Ila kuna mwingine alituambia inabidi asubiri, alafu akaniita pembeni, akasema vitu fulani havipo ila vinaweza kupatikana, elfu 20. Sikufikiria ilani. Sikufikiria kitu chochote. Nilitoa simu nikaanza kutuma kabla hajamaliza sentensi, na mikono inatetemeka mpaka namba ya siri nikakosea mara mbili. Mama alihudumiwa. Yuko hai mpaka leo, anawafokea wajukuu.

Nikarudi dukani baada ya siku tatu, naiangalia ile karatasi yangu inang'aa ukutani. Nililia. Alafu nikafanya kitu ambacho wakati huo nilikiona cha kishujaa sana, nikachukua maka peni nikaandika chini yake: *Machi, nilitoa 20,000. Mama alikuwa anaumwa.*

Na hapo watu wakaanza kuongea. Ilani ya rangi yenye vipengele 14 ilikuwa imekaa miezi mitano hakuna mtu kaniambia kitu chake. Mstari mmoja wa maka peni, ndani ya wiki muuza mchicha kaniambia alivyompatia mwanae nafasi, boda mmoja kaniambia yake, mama mmoja simjui kabisa alisoma akakaa kwenye kiti cha kupigia picha akaanza kulia. Walikuwa wananiona mlokole fulani wa kuhukumu watu, kumbe na mimi nimeanguka kama wao. Sina uhakika kama kuna namna nyingine ningeaminika.

Ila sikiliza kilichofuata. Kuna mtu akapiga picha ile karatasi ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtoto wa dada yangu anasoma sheria, akanipigia usiku anapumua juu juu, "Mama mdogo, toa hiyo karatasi sasa hivi." Akanisomea, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, mtoaji ana kosa sawasawa na mpokeaji. Nilikuwa nimejiandikia ungamo kwa mkono wangu, na duka langu linaonekana mpaka bango la juu. Nilienda kufungua duka saa nne usiku na baba watoto kashika tochi, tukaibandua. Hakuna aliyekuja kunikamata lakini wiki mbili nilikuwa nikiona gari geni limepaki nje tumbo linanikata. Kwa hiyo kama unaweka kumbukumbu ya ulipoanguka, iwe daftari la nyumbani. Na ukiombwa rushwa, kinachokulinda ni kutoa taarifa kabla hujatoa, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113 na ni bure. Nilikuwa naijua hiyo namba, nimeiprinti kwenye mabango ya watu mara ngapi. Usiku ule haikunijia kabisa kichwani.

Baada ya hapo ukuta ukabaki mtupu na mimi nikakaa na kaunta buku langu upya. Na yale maneno ya Mwalimu, kitabu chako cha risiti kiko safi?

Hakikuwa safi. Niseme tu wazi. Mtu anakuja ametumwa na ofisi yake kuprinti kitu cha elfu 35, anasema dada andika hamsini. Naandika hamsini, yeye anaenda na kumi na tano zake, mimi napata mteja wa kudumu. Na profoma! Taratibu zilikuwa zinataka ofisi ipate profoma tatu, yaani karatasi za makadirio ya bei, kutoka maduka matatu tofauti zilinganishwe, basi mteja anakuja kwangu na zote tatu natengeneza mimi, nina vichwa vya barua vya maduka mengine mawili kwenye kompyuta, moja lilishafungwa kitambo. Naweka bei zao juu kidogo, yangu chini, nashinda tenda dhidi yangu mwenyewe. Nimefanya hivyo miaka na sikuwahi hata siku moja kuliita rushwa, niliita kumsaidia mteja. Nilikuwa nimeandika vipengele 14 juu ya afande na makarani na manesi na hakuna hata kimoja kinachogusa droo yangu ya hela.

Ukitaka kujua ilani yako ni ya kweli au ya kubandika, tafuta kwenye hiyo ilani mstari ambao ukiufuata wewe mwenyewe unapungukiwa. Kama haupo, bado hujaandika, umewaandikia wengine.

Nilifuta vile vichwa vya barua Juni 2023. Wateja watatu wakubwa waliondoka ndani ya mwezi. Mmoja alinibembeleza kabisa, "Wewe andika tu, hela si yako." Nikamwambia ndio maana. Akanuna, mpaka leo tukikutana anageukia upande wa pili. Nilikuwa naingiza kama laki tisa kwa mwezi kabla ya kodi ya fremu, ikashuka laki sita, kuna mwezi tano na nusu. Nyumbani hapakuwa pazuri. Baba watoto hakukataa ilani, alikuwa na swali moja tu la haki, kwa nini hukunishirikisha? Ada ilikuwa inalipwa na wote, punguzo la kipato likaamuliwa na mmoja. Alikuwa sahihi na nilichelewa kukubali, tulinuniana wiki nzima kwa jambo ambalo lingeisha kwa kukaa mezani nusu saa. Ilani ni ya kwako lakini njaa yake ni ya familia, kaa nao kwanza muangalie mnaweza kupoteza kiasi gani na kwa muda gani. Sisi tulichelewesha kupiga plasta chumba cha nyuma, mpaka leo kina matofali wazi.

Kilichorudisha hela taratibu ni barua. Watu walishasikia habari za muhuri na nakala mbili, wakawa wanakuja kuandikiwa. Elfu moja, elfu moja na mia tano, zinaingia. Ndo hapo nikapata wazo la karatasi ya pili ya ukutani, na ndo hapo nikakosea tena.

Niliandika orodha: hiki unalipia, hiki hulipii. Nikaweka kwamba malipo halali ya serikali yana kontroo namba, ile ndefu inayoanza na 99, ukiambiwa lipa mkononi au tuma kwenye namba ya simu ya mtu uliza kwa upole kontroo namba iko wapi. Hapo niko sawa. Ila nikaweka na mstari, barua ya utambulisho ya mtaa ni BURE, kwa herufi nyekundu, maana kule walikuwa wanachukua elfu mbili. Sikumuuliza mtendaji. Sikumuuliza mtu yeyote. Duka liko hatua chache kutoka mlango wao, mtu anasoma kwangu anaenda kule kugoma kulipa, ndani ya siku mbili balozi wa nyumba kumi kaja, siku ya tatu mwenyekiti mwenyewe kaja, kasimama katikati ya duka wateja wamejaa. "Unachochea wananchi. Kama unakitaka kiti sema." Ilikuwa mwaka 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa ni Novemba 27, kila anayeinua mkono anahesabiwa mgombea. Nikamwambia sigombei, nani anaamini. Hadi wa chama kingine wakaja usiku kuniuliza kama nachukua fomu kwao!

Mwalimu ndo alinituliza. Akaniambia katoe karatasi, alafu nenda kaulize swali kwenye mkutano wa mtaa, na liwe swali kweli. Nikalifanyia mazoezi kabisa nyumbani. Kwenye mkutano nikasimama nikasema naomba kufahamishwa gharama za barua ya utambulisho na hela inatumikaje, na naomba jibu liingie kwenye muhtasari ili tukiulizwa tujibu sawa wote. Basi. Nikakaa. Mwenyekiti akamtazama mtendaji.

Mtendaji, kijana mdogo tu, akasimama na jibu lake mpaka nikaona aibu. Hela ya karatasi ofisini haiji. Rimu ananunua kwa mshahara wake, wino anajaza kwa mshahara wake, printa yenyewe ya kwake kaja nayo kutoka nyumbani. Ile elfu mbili nusu yake inarudi kwenye wino. "Na nusu nyingine?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mwalimu alinikumbusha baadae kwamba tume ya Jaji Warioba ya kuchunguza rushwa, mwaka 1996, ilishalitenganisha hili, wapo wanaochukua kwa sababu kipato hakitoshi na wapo wanaochukua kwa tamaa, na dawa zao ni mbili tofauti. Mi nilikuwa nawatibu wote kwa herufi nyekundu.

Tulibishana siku ile mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwisho ikakubaliwa barua iwe bure, na maduka manne, langu likiwemo, yatoe rimu moja kwa zamu kila mwezi, na kila rimu ikipokelewa iandikwe kwenye ubao wa matangazo, duka gani, tarehe gani. Sijaridhika nayo asilimia mia. Kuna wanaosema ni chai ileile imebadilishwa kikombe, wafanyabiashara wanahonga ofisi kwa makaratasi, na siwezi kusema wamekosea kabisa. Ndio maana niling'ang'ania ubao. Na kuna mwezi duka moja halikutoa, likaandikwa halijatoa, mwenye duka akaja kunigombeza mimi.

Lakini barua ni bure. Mama muuza mchicha alikwenda kuchukua yake, akarudi dukani kwangu ameishika, anaigeuza mbele na nyuma kama anatafuta bei. Akaniambia, "Hata hawajaninunia."

Ilani yangu sasa hivi ni mistari mitatu, nimeiandika kwa kalamu kwenye jalada la ndani la kitabu cha risiti, mahali ambapo mimi tu ndo naiona kila nikifungua kumwandikia mtu. Ninachoandika hapa ndicho kilicholipwa. Sitoi bila kontroo namba, na nikishindwa naandika kwenye daftari la nyumbani. Kila mwezi barua tano bure kwa asiye na hela. Hiyo ya tatu ndo inayonipa raha, na naihesabu, mwezi uliopita nilifika nne tu, kwa hiyo mwezi huu ni sita. Ile ya vipengele 14 bado ipo nyuma ya kabati, plastiki haiozi.

Mwanangu sasa ni mkubwa, anakaa dukani wakati wa likizo. Juzi mteja akamwambia andika elfu arobaini, kazi ni ya ishirini na mbili. Nilikuwa nyuma nakata picha za paspoti, nikaacha mkasi hewani nisikilize. Akamjibu, "Mama kaniambia nikiandika hiyo inabidi nikudai hiyo arobaini." Yule mtu akaondoka bila risiti wala kazi, na mimi nikawaza kodi ya fremu, siwezi kukudanganya nikasema nilifurahi moja kwa moja.

Hati bado haijatoka. Imebaki saini moja, naambiwa, na barua yangu ya mwisho ina muhuri wa wiki mbili zilizopita. Jumanne nafunga duka mpaka saa saba, ni safari ya kumi na tisa. Kwenye dashibodi kuna balbu mbili za akiba.